Wakusanyaji, kateni bima ya dhima kabla ya bima ya wizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niongezee jambo kwenye makala mliyochapa hivi karibuni kuhusu watu wanaokusanya vitu vya kale. Mwandishi aliwahimiza wenye stempu, sarafu, saa, kamera na pikipiki za zamani wakate bima ya moto na wizi, wapige picha kila kitu na wamtafute mtathmini. Ushauri huo ni mzuri, na mimi mwenyewe naufuata. Lakini makala nzima ilihesabu maadui wawili tu, mwizi na moto. Sikuona mstari hata mmoja uliotaja hukumu ya mahakama, nayo ndiyo inayoweza kuondoka na mkusanyo wote kwa siku moja, mchana kweupe, kwa idhini ya sheria.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka mingi ya kazi yangu niliimaliza katika wodi ya mifupa, na kile kilichobaki kwenye mshahara baada ya ada za watoto kilikwenda kwenye saa: saa za mezani za shaba, saa za ukutani zenye pendulamu, na zile ndefu za kabati zinazosimama sakafuni kimo cha mtu mzima. Nazijua kwa sauti. Usiku moja ikisimama, naamka na kujua ni ipi. Naandika kwa sababu ya saa hizo na kwa sababu ya watoto niliowauguza, maana katika jambo hili wote wanahitaji kitu kimoja.

Kwanza niitofautishe bima moja na nyingine, kwa kuwa hata wakusanyaji wazoefu huzichanganya. Bima ya mali humlipa mwenye mali kitu chake kikiibwa, kikiungua au kikivunjika. Bima ya dhima hulipa pale wewe unapodaiwa kwa sababu umemuumiza mtu au umeharibu mali yake bila kukusudia. Wenye magari wanaijua kwa sura ya bima ya mtu wa tatu. Kwa mambo ya nyumbani, wengi wetu hatujawahi hata kuiulizia, na wakala asipoulizwa mara nyingi hasemi.

Rafiki yangu mmoja, mkusanyaji mwenzangu, alikuwa na saa nyingi na bora kuliko zangu. Alikuwa mtu wa utaratibu: kila saa ilikuwa na picha yake, namba yake, jina la fundi aliyeitengeneza na bei aliyoinunulia, na bima ya mali ililipwa kila mwaka bila kuchelewa. Siku moja alipata wageni waliofuatana na mtoto wao mdogo, aliyekuwa hata hajaanza darasa la kwanza. Watu wazima wakiwa katika mazungumzo, mtoto alifungua mlango wa saa ndefu aone kinachotikisika mle ndani, akaushika mlango na kuuning'inia. Saa ile haikuwa imekazwa ukutani. Ilimwangukia pajani.

Wanaozifahamu saa hizi wanajua uzito ninaousema. Saa ya kabati inayotiwa ufunguo mara moja kwa wiki kwa kawaida hubeba vizito viwili vya risasi au chuma, kila kimoja kilo tano mpaka sita na zaidi, vikining'inia kwa kamba. Saa ikishatiwa ufunguo vizito vinakuwa vimepanda juu kabisa, na kabati zima, ambalo ni refu na jembamba, linakuwa zito kichwani. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikaza ubao wa mgongo ukutani kwa skrubu. Tundu za skrubu hizo bado zinaonekana kwenye saa nyingi, ila waliozinunua baadaye hawakuuliza zilikuwa za nini.

Mfupa wa paja wa mtoto ukivunjika karibu na goti, mahali ambapo mfupa unakulia, kuunga mfupa ni mwanzo tu. Mguu ule unaweza kubaki mfupi kuliko mwenzake au kupinda kadiri mtoto anavyokua, kwa hiyo lazima afuatiliwe mpaka kukua kwenyewe kukome. Huenda akahitaji kupasuliwa tena. Kuna mazoezi ya viungo, kuna kiatu cha kuinuliwa soli, kuna siku za shule zilizopotea, kuna mzazi mmoja anayeacha kazi ampeleke kliniki. Nimewashuhudia wazazi wakiuza kila kitu kwa ajili ya mguu mmoja.

Kampuni ya bima ilimtuma mkaguzi wake kwa rafiki yangu. Ikalipa kioo cha saa, mlango wake na pendulamu iliyopinda. Kwa mguu wa mtoto haikulipa kitu, na haikufanya kosa lolote, kwa kuwa hati aliyonunua ilikuwa ya saa.

Wazazi walikwenda mahakamani. Ikathibitika kwamba mwenye nyumba alijua saa haijakazwa, alijua mtoto yumo ndani, na skrubu mbili zingetosha kuzuia yote. Huo ndio uzembe katika macho ya sheria. Hauhitaji nia mbaya. Fidia ilijumuisha matibabu yaliyopita, matibabu yajayo na maumivu. Rafiki yangu hakuwa na fedha ya namna hiyo, hukumu ikakazwa, yaani mali yake ikaamriwa ikamatwe na kuuzwa ili deni lilipwe, na dalali wa mahakama akafika. Orodha aliyofanyia kazi ni ile ile yenye picha na bei, iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya siku ya mwizi.

Nilihudhuria mnada ule. Saa ziliuzwa kwa mafungu. Pendulamu zilitenganishwa na saa zake, funguo zote zilitiwa kwenye kopo moja na kuuzwa peke yake, na walionunua wengi walitaka mbao na shaba tu. Kilichopatikana hakikufika hata nusu ya kilichohukumiwa. Mkusanyo uliotafutwa kwa nusu ya maisha ya mtu ulikwisha, na mtoto naye hakupata alichostahili. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba bima ya dhima ni njia ya matajiri kuwakimbia waliowaumiza, ninamkatalia kwa nguvu zangu zote. Hati moja ya bima ingemlipa mtoto fidia kamili na saa zingebaki ukutani.

Mpwa wangu ni wakili. Nilipomsimulia habari hii nikitaka kujua kama saa zangu ziko salama kwa kuwa zangu nimezikaza zote, alinijibu: "Shangazi, wakati wa kukaza hukumu mahakama haiulizi ni kitu gani kilichomuumiza mdai. Inauliza mdaiwa ana nini kinachouzika." Jibu hilo lilinikosesha usingizi, kwa sababu maana yake ni kwamba saa zinaweza kuchukuliwa kwa jambo ambalo halihusiani na saa kamwe. Mbwa akimng'ata mpita njia, tawi la mti wako likiangukia gari la jirani, mgeni akiteleza kwenye ngazi yako iliyolowa, gari lako likisababisha ajali ambayo fidia yake inazidi kikomo cha bima ya gari: deni likishakuwa deni, hutafuta mali popote ilipo.

Na mali ya mkusanyaji ni rahisi kuifikia. Sheria za nchi nyingi humwachia mdaiwa vitu vya lazima kama nguo, matandiko, vyombo vya kupikia na zana za kazi inayompatia riziki. Zana za fundi saa huenda zikasalimika. Saa za mtu anayezikusanya kwa mapenzi haziingii katika orodha hiyo. Zinabebeka, thamani yake inaweza kukadiriwa haraka, na kuzihamishia kwa mnunuzi hakuhitaji makaratasi mengi kama nyumba au shamba.

Wapo wanaoniambia wao wamejipanga: siku mambo yakiharibika, wataziandika kwa jina la mke, au la mtoto, au la ndugu wa mbali. Hila hiyo ni ya kale na sheria iliishaijua zamani. Uingereza ilitunga sheria ya kuizuia mwaka 1571. Miaka 30 baadaye, mwaka 1601, ikaamuliwa kesi ya Twyne, ambayo mpwa wangu anasema wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo. Mtu aitwaye Pierce, aliyekuwa amezama katika madeni, alimhamishia Twyne, mmoja wa waliomdai, mali zake zote kwa siri. Lakini aliendelea kukaa nazo, akawa anawakata kondoo manyoya na kuwatia alama yake kama zamani. Mahakama ikasema uhamisho huo ni udanganyifu. Saa iliyoandikwa jina la mwanao lakini bado wewe unaitia ufunguo kila Jumapili iko katika hali ile ile ya kondoo wa Pierce. Na zaidi ya kutofaa, ni aibu kumficha mali mtu uliyemvunja mguu.

Turudi kwenye hatari zenyewe, kwa kuwa najua wasomaji watasema saa ni kitu cha upole. Saa si za upole. Mwaka 1721 fundi wa London, George Graham, alianza kujaribu pendulamu yenye chombo cha zebaki ili joto lisiharibu mwendo wa saa: fimbo ikirefuka kwenda chini, zebaki inatanuka kwenda juu, na saa inaendelea kwenda sawa. Ni kazi ya akili ya ajabu, na saa za namna hiyo ziliendelea kutengenezwa kwa muda mrefu, zebaki ikiwa katika vioo vyembamba. Kioo kikivunjika, zebaki hutawanyika kuwa vitone vinavyojificha katika nyufa za sakafu, na mvuke wake, ambao ni sumu, hauonekani wala haunuki. Anayekimbilia kuifagia au kuivuta kwa mashine ya umeme huisambaza zaidi. Hebu fikirini inamwagika katika nyumba ya kupanga au katika ukumbi wa maonesho, halafu mwenye ukumbi anadai gharama ya kusafisha.

Kisha kuna zile saa ndogo ambazo tarakimu na akrabu zake zilipakwa rangi ya radiamu, madini yanayotoa mionzi yenye madhara, ili zing'ae gizani. Zilitengenezwa kwa wingi tangu miaka ya 1910 mpaka miaka ya 1960. Wanawake waliozipaka katika kiwanda kimoja huko New Jersey, Marekani, walikuwa wakichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Taya zao zikaoza, mifupa ikavunjika yenyewe. Wanawake watano walifungua madai mwaka 1927, na mwaka uliofuata wakafikia mapatano na kampuni, baadhi yao wakiwa hawawezi hata kunyanyua mkono kula kiapo. Kwa mtu wa wodi ya mifupa, habari hiyo haisomeki mara mbili. Saa hizo nyingi leo hazing'ai tena na watu hudhani zimekufa. Kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1600 hivi kupungua nusu. Ukimuuzia mtu saa kama hiyo bila kumwambia, akaifungua juu ya meza ya chakula na kuikwangua uso, usishangae ukipata barua ya wakili.

Wenye mikusanyo mingine nao wajitazame. Zipo redio za zamani ambazo chuma chake cha ndani kimeunganishwa moja kwa moja na waya wa umeme. Zipo filamu za nitrati, zilizotumika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambazo zikishashika moto haziwezi kuzimwa hata kwa maji. Wenye injini ndogo za mvuke wanajua tangi la kuchemshia maji lililochakaa linavyoweza kupasuka.

Sasa bima yenyewe. Hati nzuri ya dhima hufanya mambo mawili: hulipa fidia mpaka kikomo kilichoandikwa, na humlipa wakili wa kukutetea. Hilo la pili watu hulipuuza, na kumbe hata dai lisilo na msingi hugharimu fedha kulijibu. Uliza kama gharama za wakili zinakatwa ndani ya kikomo au ziko nje yake. Kikomo nacho kilinganishwe na vitu viwili: ukubwa wa madhara unayoweza kusababisha, na thamani ya kila ulicho nacho kinachoweza kuuzwa, mkusanyo ukiwemo. Ukiona bima ya nyumba na ya gari zina vikomo vidogo, uliza kama kuna bima ya ziada inayoanza kulipa pale hizo zinapoishia. Kwa kawaida bei yake ni nafuu kwa sababu huguswa mara chache.

Mtoto akiumia, kuna jambo ambalo karibu kila mtu hulikosa. Katika nchi nyingi muda wa kufungua kesi hauanzi kuhesabiwa mpaka mtoto afikie utu uzima. Anayeumia leo anaweza kukushitaki baada ya miaka mingi. Zipo bima zinazoangalia tarehe ya tukio, na zipo zinazoangalia tarehe ambayo dai limeletwa. Ukiwa na ya aina ya kwanza, hati ya mwaka wa tukio ndiyo itakayokutetea hata kama kampuni uliishaihama. Usitupe hati za zamani. Mimi zangu nazihifadhi kwenye droo moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wangu.

Tukio likitokea, ijulishe kampuni mara moja, hata kama aliyeumia anasema hana neno. Mpeleke hospitali, msaidie, mpe pole kwa moyo wote, lakini usiahidi kulipa wala kusaini karatasi ya kukiri kosa kabla kampuni haijajua. Hati nyingi zina sharti hilo, na kulivunja kunaweza kukuacha peke yako. Najua ni sharti gumu kwa mtu mwenye huruma. Lishike hivyo hivyo, kwa kuwa ndilo litakalomhakikishia aliyeumia malipo yake.

Na useme kweli tangu siku ya kwanza. Mwaka 1766 Jaji Lord Mansfield wa Uingereza, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, alieleza kwa nini: mambo ya kupimia hatari mara nyingi yanajulikana na mwenye kukata bima peke yake, na kampuni inategemea neno lake. Kama una zebaki, iseme. Kama unafungua nyumba kwa wageni wa maonesho, sema. Hasa kama unatengeneza saa za watu kwa malipo, hata kidogo, sema, kwa sababu hati za nyumbani kwa kawaida hutenga shughuli za biashara. Wakusanyaji wengi wanatengenezea marafiki saa na kupokea "asante" ya fedha, bila kufahamu kwamba asante hiyo inaweza kuwatoa nje ya bima. Pia hutengwa madhara ya makusudi, mali ya mtu mwingine iliyo mikononi mwako, watu wa nyumba yako mwenyewe, na mara nyingi uchafuzi wa mazingira, ambamo zebaki inaweza kutumbukizwa. Sehemu ya vitu visivyolipiwa isomwe kabla ya sehemu nyingine zote, na kila usichokielewa kiulizwe kwa maandishi na kijibiwe kwa maandishi.

Wanachama wa vyama vya wakusanyaji hujiona wamekingwa kwa kuwa chama kina bima ya pamoja. Kwa kawaida bima hiyo inahusu shughuli za chama tu. Mgeni wako wa Jumamosi nyumbani si shughuli ya chama.

Ninayo maombi mawili, Mhariri. La kwanza ni kwako: mwalike mtu wa bima na wakili katika safu ile ile iliyochapa makala ya kwanza, waulizwe waziwazi ni hati gani wanazouza kwa mkusanyaji wa kawaida, zinatenga nini, na zinagharimu kiasi gani zikilinganishwa na bima ya wizi. La pili ni kwa waandaaji wa maonesho ya vitu vya kale. Msimkubali mtu aingize kitu kizito, chenye moto au chenye zebaki bila kuonesha hati ya dhima iliyo hai kwa tarehe za maonesho. Na kabla ya kuwafungulia watazamaji milango, mmoja wenu apite na bisibisi, akague kila saa ndefu kama imekazwa ukutani.

Wako,
Muuguzi mstaafu na mkusanyaji wa saa